Mzee Asiyekula Hotelini

Honda ilikuwa mbele, Land Rover nyuma, na tope la Kasulo likiwachapa wote wawili bila upendeleo.

Leonidas Kaijage hakupiga honi. Alikanyaga mafuta tu.

Mwendesha pikipiki alikuwa amevuka mpaka alfajiri, upande wa Rusumo, bila hodi wala karatasi. Sasa aligeuka, akachomoa bastola, akafyatua. Risasi ya kwanza ilipotelea porini. Ya pili ilipasua kioo cha Land Rover, vipande vikamwagikia mapajani mwa Leonidas. Akavipangusa kwa mkono mmoja, kama mtu anayepangusa makombo ya mkate, akaendelea kuendesha.

Kona.

Tope.

Ng'ombe wa mtu katikati ya barabara.

Honda ilimkwepa ng'ombe. Mti haikuukwepa.

Leonidas alisimamisha gari, akashuka na bastola yake ya Browning mkononi, akachuchumaa kando ya yule mtu. Hakuwa na muda mrefu, na wote wawili walilijua hilo.

"Unampelekea nani salamu?"

"Kunguru," mtu yule akasema. Damu ilikuwa mdomoni. "Mzee... mkimbizi. Ana fimbo. Anakaa kwa Scholastika, barazani. Taa za magari zikipanda kilima leo... basi."

"Basi nini?"

Jibu hilo alikwenda nalo.

Leonidas alimfumba macho, akarudi garini, akavuta redio ya Racal kutoka chini ya kiti.

"Mzizi, Mzizi, hapa Mundu. Mjumbe amekwisha. Kunguru yumo Biharamulo. Amejifanya mzee mkimbizi. Shabaha ni msafara wa leo. Uzuieni msafara."

Redio ikakoroma kidogo. Kisha sauti ya mkubwa wake ikatoka Mwanza, kavu kama kawaida.

"Mundu, msafara hauzuiliki. Mbele huko vifaru vimekauka. Mafuta yasipofika Kyaka kesho, vijana wetu watapigana na jeshi la nduli kwa kusukuma vifaru kwa mabega. Matangi yanaingia boma la Biharamulo jioni, askari wapate kula, kisha yaondoke. Mpate Kunguru kabla ya hapo."

"Nikamate kila mzee mwenye fimbo?"

"Ukimshika asiye yeye, mwenyewe atajua na atalipua kabla hujageuka. Mshike mmoja tu. Aliye yeye."

"Nimepokea."

Redio ikakoroma tena.

"Mundu. Unajisikiaje?"

"Sijisikii."

Akazima redio.

Na hakuwa akijitutumua. Ilikuwa kweli tupu. Mwezi uliopita majeshi ya adui yalikuwa yamechoma vijiji ng'ambo ya Mto Kagera, na katika nyumba mojawapo huko alikuwamo mama yake, Mama Felisita, aliyekataa kukimbia kwa sababu eti migomba yake haina mtu wa kuiangalia. Habari zilimfikia Leonidas kwa redio hii hii. Alisema "nimepokea", akawasha sigara ya Sportsman, akaivuta mpaka mwisho. Hakulia. Alingoja kilio siku ya kwanza, akakingoja ya pili, kisha akaacha kungoja. Tangu siku hiyo chakula hakikuwa na ladha mdomoni mwake, na risasi zikipita sikioni moyo haukushtuka. Wakubwa walisema amekuwa mpelelezi hodari zaidi. Loo! Sifa nyingine ni za kumwombea mtu zimwepuke.

*

Mjini Biharamulo walimjua kama Ndugu Mambo ya Kale. Wiki mbili alikuwa akizurura na kamera yake ya Minolta shingoni, akipiga picha kuta za Mjerumani na kuandika upuuzi kwa penseli. Watu walimwonea huruma. Nchi iko vitani, mwenzetu anapima madirisha!

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua kazi yake: Gaspari, kamanda wa mgambo, mfupi wa kimo na mrefu wa sauti. Alasiri ile walikutana langoni mwa boma.

Boma lile limekaa juu ya kilima chake tangu enzi ya Mjerumani, kuta nene nyeupe, matundu ya bunduki juu, lango ambalo lori hupita kwa kubana pumzi. Mjerumani alijenga kama mtu asiyekusudia kuondoka. Akaondoka, na sasa ndani ya ua wake akina mama wa Biharamulo walikuwa wakirundika mikungu ya ndizi, mihogo na maharage ya kuwachangia askari. Nyuma ya ukuta, mtaa wa zamani uliteremka: maduka yenye baraza za mabati, stoo za mawe, na hapo hapo mbele ya lango, hoteli ya Mama Scholastika. Ukikaa barazani kwake unaiona barabara yote inavyopanda kilima.

"Matangi yataegeshwa hapa," Gaspari alisema, akionyesha ukuta wa kushoto. "Moto ukishika humu, mtaa mzima unakwenda. Na kina mama hawa. Na hao askari wakiwa wanakula."

"Mimi hula pale mchana tu. Wazee gani wakimbizi hukaa kwa Scholastika jioni?"

"Wawili tu. Na mtu wako ninaye tayari!" Gaspari akashusha sauti, ambayo kwake ilikuwa sauti ya watu wengine. "Ndikumana. Kila jioni yupo pale na fimbo yake na kibuyu chake cha pombe ya rubisi. Macho barabarani. Na hali! Nakwambia hali hata tonge! Wewe umeona wapi mtu anakaa hotelini miezi na miezi hali? Hoteli ni ya kula, bwana!"

"Na wa pili?"

"Mzee Idefonsi? Aa, huyo ni mtu wa watu. Amekuja juzi juzi kutoka Nemba. Anakula, anacheka, anachangia. Huyo hapo, tazama mwenyewe."

Mzee alikuwa akiingia langoni akisukuma baiskeli ya Raleigh yenye gunia nyuma. Koti refu, kofia, mvi za heshima, fimbo nzito imefungwa kwenye usukani. Kifuani ilining'inia redio ndogo ya National katika mfuko wake wa ngozi.

"Shikamoo mzee," Leonidas akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nimewaletea vijana maharage kidogo. Baba yangu alikuwa mtwale, chifu wa eneo letu, kule kwetu Burundi. Kwa mtwale mgeni haondoki na njaa, sembuse askari! Sisi tumelelewa kwa adabu za zamani."

Akina mama wakampigia vigelegele. Mzee akalishusha gunia mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaliegemeza kwenye ukuta wa kushoto. "Hapa mvua haifiki," akasema. Kisha akamshika Leonidas mkono kwa upole.

"Wewe ndiye wa mambo ya kale? Twende nikutembeze. Vijana wa siku hizi mnapita juu ya historia kama kuku juu ya mkeka."

Wakateremka mtaani pamoja. Ndivyo Leonidas alivyotembezwa katika mji wa zamani, na mtu aliyejua kutembeza, lazima tuseme. Mzee Idefonsi alimwonyesha stoo ambamo pembe za ndovu zilihesabiwa enzi hizo, na kisima kilichochimbwa na wafungwa. Alimwonyesha duka ambalo fremu yake ya mlango bado ina msumari wa kutundikia mizani ya ngozi. Leonidas alipiga picha. Kila duka lilikuwa na redio, na kila redio ilikuwa ikiimba nyimbo za vita. Wenye maduka walitoka barazani kumwamkia mzee, naye aliwauliza watoto wao kwa majina.

Mzee mzuri. Mtu angependa awe babu yake.

Leonidas hakumpenda wala hakumchukia. Alimtazama kama alivyoutazama ule msumari.

*

Walipoachana, Leonidas alizunguka nyuma ya hoteli. Barazani Ndikumana hakuwapo, na fimbo yake ilikuwa imeegemea mlango wa stoo ya mawe, ile ya zamani, nyuma ya jiko. Mlango ulikuwa umefungwa. Leonidas akaweka mkono kwenye Browning, akausukuma.

Ndani, mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso ukutani, sahani ya ndizi mapajani.

Alikuwa anakula.

Mzee aligeuka, akaifunika sahani kwa kofia upesi kama mtu aliyekutwa uchi.

"Funga mlango!" akafoka. "Mtoto wa watu gani wewe? Funga!"

Mkono mnene ukamshika Leonidas ukosi na kumvuta nje. Mama Scholastika alikuwa na mwiko mkono wa pili, na kwa muda haikujulikana atautumiaje.

"Wewe Mambo ya Kale! Wiki mbili unakula kwangu, hujasema chakula kitamu, hujasema kibaya, unatafuna tu kama mbuzi anayetafuna gazeti. Leo ndiyo umeamka, unawafungulia wazee milango?"

"Samahani, mama. Mbona anajificha?"

"Hajifichi, anakula!" Akashusha mwiko. "Wazee wa kule kwao, waliokulia katika adabu, hawali mbele za watu. Kunywa, watakunywa na wewe mpaka asubuhi. Lakini kinywa kikitafuna si cha kuonyesha mgeni. Mtu anakula mbele ya watu wa nyumbani kwake tu. Mkewe Dafroza ndiye mpishi wangu, basi tumempa stoo hii. Kuna ubaya gani?"

"Na barabarani anatazama nini kila jioni?"

Mama Scholastika akatazama kando.

"Mwanawe, Celestini. Aliingia mgambo, akapelekwa mbele. Mzee anadhani kila lori linalopita labda limembeba. Wanamcheka. Mimi simcheki."

Leonidas alisimama pale. Alijua kwamba hapo mtu mwingine angehisi kitu kifuani. Alikitafuta, akakuta pako vile vile, patupu. Akashukuru, akaenda kumtafuta Gaspari.

"Adabu?" Gaspari aliruka. "Adabu gani ya kulia stoo? Hicho ni kisingizio cha jasusi! Sikiliza, Ndugu. Mimi nitasimama nyuma yake na bunduki yangu ya SMG. Taa zikionekana chini ya kilima, kabla hajainua hata kidole, nampiga. Nikikosea, nimekosea. Kuna askari wangapi ndani ya yale malori?"

"Utaua mzee asiye na hatia."

"Basi nipe mwenye hatia!"

Leonidas hakuwa naye wa kumpa. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya kuta za boma, na akina mama wengine walikuwa bado uani wakimenya ndizi.

*

Karabai iliwashwa. Nje kiza kilikuwa kinaingia polepole. Mtaa wa zamani ulinukia moshi, mbuzi na mvua.

Baraza la Mama Scholastika lilijaa kama kawaida ya jioni. Kwenye benchi la mwisho aliketi Mzee Ndikumana na kibuyu chake, mrija mdomoni, macho barabarani. Kwa Leonidas hakutazama kabisa. Aibu ya mchana ilikuwa bado haijapoa. Nyuma yake, kivulini, alisimama Gaspari na SMG chini ya koti la mvua.

"Nikae hapa, mwanangu?" Mzee Idefonsi alimwuliza Leonidas mezani, akiwa amekwisha kaa. Redio yake akaiweka mezani karibu na mkono wa kulia. Fimbo akailaza magotini.

"Karibu, mzee."

Mama Scholastika alileta ugali wa muhogo na bakuli la mchuzi wa mbuzi unaotokota bado. Idefonsi alinawa, akamega, akachovya, akatia kinywani.

"Aah! Mama Scholastika, Mungu akuzidishie mikono!"

Leonidas alimega pia. Alitafuna. Hapakuwa na kitu. Angeweza kuwa anatafuna lile gazeti la mbuzi, na akaendelea kutafuna kwa sababu mwili unahitaji.

Ndani ya duka la jirani kengele ya taarifa ya habari ikalia. Redio zote za mtaa zikapandishwa sauti kwa pamoja. Vita ndivyo vilivyo, mwenye ndugu mbele hakosi taarifa ya habari. Watu walinyamaza. Mvuta sigara akaishikilia hewani. Ndikumana akautoa mrija mdomoni ili asikie vizuri.

Redio ya Idefonsi ilikaa mezani kimya.

"Mzee, hutufungulii?" Leonidas akauliza.

"Betri, mwanangu. Zimekwisha tangu wiki jana. Madukani hakuna, si unajua hali ya nchi."

Hali ya nchi aliijua. Sabuni hakuna, betri hakuna. Lakini nani hubeba redio iliyokufa shingoni wiki nzima, anatembea nayo mjini, anailaza mezani karibu na mkono?

Idefonsi alichukua mfupa. Akaung'ata. Akavuta nyama kwa meno, kinywa wazi, mafuta yakiteremka kidevuni, mbele ya baraza zima, mbele ya mgeni kutoka mjini. Akacheka huku akitafuna.

Leonidas aliacha kutafuna.

Alikitazama kile kinywa. Kisha akatazama benchi la mwisho, ambapo mzee mwenye njaa zake na adabu zake alikuwa amekaa na kibuyu.

Chini ya kilima, mwanga ukatokea.

Jozi moja ya taa. Halafu nyingine. Malori ya Leyland yalinguruma katika gia ndogo, yakianza kupanda.

Ndikumana akasimama kuyatazama, kama afanyavyo kila jioni. Nyuma yake Gaspari akalifunua koti. Akaikoki SMG, ikalia.

"Mzee," Leonidas akasema kwa utulivu, "baba yako alikuwa mtwale?"

"Naam."

"Mkalelewa kwa adabu za zamani?"

"Kabisa, mwanangu."

"Mbona unakula?"

Taya za Idefonsi zilisimama.

Lo, ungeuona uso ule! Kila kitu alikuwa amejifunza yule mtu. Koti, fimbo, jina, nasaba, majina ya watoto wa wenye maduka. Aliyemfundisha hakumwambia hili moja, kwa sababu nani hufikiria kumfundisha jasusi kutokula?

Mkono wa kulia ukaruka kwenye kitufe cha redio.

Leonidas aliinua bakuli na kuupiga mkono ule nalo, mchuzi wote ukimwagika. Idefonsi alipiga ukelele. Redio ikaanguka chini ya meza. Mchuzi ulikuwa umemrukia mpaka kichwani, na mvi zake za heshima zikaanza kuchuruzika shingoni, nyeupe, kama chokaa ya ukuta wakati wa masika. Chini yake nywele zilikuwa nyeusi tii.

Mtu wa miaka thelathini na kitu akaruka nyuma, akaielekeza fimbo kifuani mwa Leonidas. Ncha yake ilikuwa na tundu.

Fimbo ilikuwa bunduki.

Leonidas aliliangalia lile tundu. Browning ilikuwa kiunoni na alijua haitawahi. Hakuogopa. Hapo ndipo alipojihofia kidogo, kwa kuwa hakuogopa hata kidogo.

Fimbo nyingine ikatua.

Mzee Ndikumana alikuwa ameipiga ile ya Idefonsi kwa nguvu zake zote. Risasi ikatoboa bati. Watu wakalala chini. Leonidas akamwingia Kunguru kwa bega, akambamiza kwenye nguzo, akampiga kwa kitako cha Browning nyuma ya sikio. Kunguru akaporomoka.

"Usisogee!" Gaspari akapiga kelele. Hakuwa akimwambia Kunguru. Alikuwa ameona mzee mkimbizi akiinua fimbo, akasikia mlio wa risasi, na akili yake ilikuwa na njia moja tu tangu mchana. Mtutu wa SMG ulikuwa kwenye mgongo wa Ndikumana, na kidole kilikuwa kinavuta.

Leonidas alipita katikati. Akasimama kati ya mtutu na mgongo, kifua chake kwenye chuma.

"Si yeye," akasema.

"Ondoka, Ndugu!"

"Gaspari. Tazama chini. Tazama nywele."

Gaspari akatazama. Chokaa. Nywele nyeusi. Redio chini ya meza. Mdomo wake ukafunguka bila sauti, na hiyo Biharamulo ilikuwa haijapata kuiona. Mtutu ukashuka polepole.

Malori yalikuwa yamefika. Yalipita mbele ya baraza moja moja, yakibana pumzi langoni, na askari juu yake waliimba, wakiwapungia watu waliolala chini, wakidhani labda ni namna ya Biharamulo ya kukaribisha wageni.

*

Gunia lilikuwa mahali pale pale, pakavu, mvua haifiki. Tangi la kwanza lilikuwa limeegeshwa kando yake.

Leonidas alipiga magoti, akaingiza mkono ndani ya maharage mpaka kiwikoni. Chuma. Waya. Waya mwingine. Bomu, na ile redio ndiyo ingelilipua. Dereva mmoja alipita akitafuna ndizi.

"Unatafuta nini, kaka?"

"Mende."

Akakata waya kwa kisu chake, akalibeba gunia begani, akalitoa nje ya lango hadi mbali na watu. Mikono haikutetemeka. Akaenda kwenye Land Rover.

"Mzizi, hapa Mundu. Kunguru yumo tunduni. Hai. Yai lake halina kitu tena. Msafara unakula."

"Kazi nzuri, Mundu. Asubuhi nenda Rusumo. Kuna mwenzake."

"Nimepokea."

Alirudi kwa Scholastika kwa sababu kofia yake ilikuwa imebaki huko. Mgambo walikuwa wamekwisha kumburura Kunguru hadi mahabusu ya boma. Meza ilikuwa imefutwa, na Gaspari alikuwa amesimama mbele ya Mzee Ndikumana akiwa amevua kofia, akiitafuta sauti yake.

"Mzee, mimi... Mzee, shikamoo."

"Marahaba," Ndikumana akajibu. Akamwacha asimame hivyo muda mrefu kiasi, kisha akamwambia, "Nenda uani ukaulize kama Celestini yumo."

Gaspari akakimbia.

Celestini hakuwamo. Magari yale yalikuwa yanakwenda mbele, hayakuwa yakitoka. Gaspari alirudi na jibu hilo, akalisema taratibu, na mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyelijua tangu zamani.

Kisha akaja kwenye meza ya Leonidas. Akaketi. Akamwita mkewe jikoni, kwa lugha yao. Dafroza alitokea mlangoni, akafuta mikono kwenye kanga, akamtazama mumewe kana kwamba amesikia vibaya. Mzee akarudia. Dafroza akaleta sahani, akaiweka mezani, akabaki amesimama.

Baraza zima liligeuka kutazama. Hata mama Scholastika.

"Nani amebaki kwenu?" mzee akamuuliza Leonidas.

"Hakuna. Alikuwa mama. Wamemchoma ndani ya nyumba."

Hakuwa amelisema hilo kwa mtu yeyote. Lilitoka tu, kavu, kama taarifa.

Mzee Ndikumana alinawa mikono. Akamega ugali. Akachovya. Mkono ulipanda polepole, kwa kuwa hakuwa amelifanya jambo hili maishani mwake. Kisha, mbele ya Gaspari, mbele ya wateja wote, akimtazama Leonidas usoni, akatia tonge kinywani, akatafuna, akameza.

"Kula, mwanangu," akasema. "Uko nyumbani."

Leonidas alimega. Akachovya. Akatafuna.

Akakoma kutafuna.

"Chumvi," akasema.

"Chumvi imefanya nini?" mama Scholastika akadakia.

"Imezidi."

"Imezidi! Haya, sikieni maajabu! Wiki mbili anakula kwangu kama aliyekufa ganzi, leo amefungua mdomo, kafungua kulalamika! Dafroza, unasikia? Chumvi imezidi!"

Watu wakacheka. Dafroza akacheka na kanga mdomoni. Leonidas hakucheka. Alikuwa ameinamisha uso juu ya sahani, akila kwa haraka, tonge baada ya tonge, na kile kilichokuwa kikiteremka mashavuni hakuna aliyekitaja. Mzee alikula naye polepole mpaka sahani ikaisha.

Kisha Leonidas akanawa. Akavaa kofia, akatundika Minolta shingoni, akamwinamia mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ukikuta malori njiani, mwangalie Celestini."

Leonidas akaitikia kwa kichwa. Akateremka mtaa wa zamani kwa miguu, mikono mifukoni, akapita duka lenye msumari, akapita kisima cha wafungwa, hadi kwenye Land Rover isiyo na kioo. Akawasha Sportsman.

Akavuta mara moja. Ilikuwa chungu. Akaitupa.